Mengineyo

Kwa wiki mbili nilitembea na kijidaftari mfukoni, na kila nusu saa nikaandika nilichokuwa nafanya. Mimi ni meneja wa kiwanda, na hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimechoka kuambiwa nyumbani kwamba niko kazini hata nikiwa nimekaa sebuleni, na nilitaka kujua hiyo kazi inayonifuata hadi sebuleni ni ipi hasa.

Nilidhani daftari litanionyesha kwamba muda wangu unaliwa na mashine mbovu na wateja wenye haraka. Haikuwa hivyo. Karibu nusu ya mistari ilisema jambo moja kwa maneno tofauti: natafuta namba. Nampigia msimamizi wa zamu kuuliza chupa ngapi zimetoka. Nauliza stoo kama rangi imefika. Nahamisha hesabu za karatasi kwenda Excel. Nasahihisha Excel kwa sababu karatasi na stoo hazikubaliani. Naandika ripoti ya mkurugenzi, halafu naandika ileile kwa mpangilio mwingine kwa ajili ya watu wa mauzo. Uamuzi wenyewe, ule ninaolipwa kwa ajili yake, ulikuwa mistari michache tu: laini ya pili ya uzalishaji isimame au iendelee, oda ipi itangulie, fundi aanzie wapi. Dakika tano hapa, dakika kumi pale.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu madaftari yalikuwepo, tena mengi. Aliyekuwa anapotea ni mtu wa kuyabeba.

Kiwanda ninachosimamia kinatengeneza chupa na makopo ya plastiki. Laini sita, zamu tatu, na mashine mbili ambazo zina umri mkubwa kuliko baadhi ya maopareta wake. Wakubwa waliponiambia nitafute namna ya kutumia akili mnemba na mifumo ya kujiendesha, nilikubali haraka kuliko ilivyofaa, nikidhani nimepata wa kunitua mzigo.

Nilianza na skrini. Tukafunga sensa, yaani vihisi vya kuhesabu chupa, kwenye kila laini, tukaunganisha PLC za mashine, vile vikompyuta vidogo vinavyoziendesha, na kompyuta moja, na ukutani tukatundika skrini kubwa yenye rangi za kijani, njano na nyekundu. Kwa wiki nzima wageni waliletwa kuiona. Maopareta waliitazama siku mbili za mwanzo, kisha ikawa kama saa ya ukutani ambayo kila mtu anajua ipo lakini anaangalia ya mkononi.

Kipimo tulichoweka pale ni kile ambacho viwanda vingi hukiita OEE, yaani ufanisi wa jumla wa mashine, kilichoenezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Unazidisha vitu vitatu: muda ambao mashine ilifanya kazi kati ya muda uliopangwa, spidi yake ukilinganisha na ile inayotakiwa, na sehemu ya bidhaa zilizo nzima. Chukua zamu moja ya kwetu. Dakika 480, toa mapumziko 30, zinabaki 450. Mashine ilisimama dakika 63, kwa hiyo ilifanya kazi dakika 387, sawa na asilimia 86. Spidi yake ni chupa 60 kwa dakika, hivyo ilipaswa kutoa 23,220. Ilitoa 20,898, asilimia 90. Chupa nzima zilikuwa 20,480, asilimia 98. Ukizidisha zote unapata asilimia 75.9 hivi.

Namba hiyo ni ya kweli na inapendeza ukutani. Ila haisemi neno juu ya zile dakika 63. Nilikuwa nimejua zaidi bila kuelewa zaidi, na simu zangu hazikupungua. Ziliongezeka, kwa sababu sasa mkurugenzi naye alikuwa anaona rangi nyekundu na kunipigia kuuliza kuna nini. Nimeruka majivu nimekanyaga moto.

Na hata namba yenyewe, mwanzoni ilikuwa ya uongo. Aliyegundua ni karani wetu wa takwimu, dada ambaye kwa miaka alikuwa akiingiza karatasi za zamu kwenye kompyuta, na ambaye wengi waliamini mfumo huu umekuja kumfukuza. Alikuja ofisini na karatasi mbili. "Meneja, mashine inasema laini ya kwanza imetoa chupa nyingi kuliko malighafi iliyoingia. Hizo nyingine zimetengenezwa na nini, hewa?"

Tulikwenda kusimama mbele ya sensa. Ilikuwa ya mwanga: mwale unapita upande mmoja wa mkanda kwenda mwingine, chupa ikikatiza inahesabiwa. Kwa makopo meupe ilifanya kazi vizuri. Kwa chupa zinazoonyesha ndani, ukingo wa mbele ulikata mwale, mwanga ukapenya katikati ya chupa, kisha ukingo wa nyuma ukakata tena. Chupa moja, hesabu mbili. Si kila mara, na hilo ndilo lililotuchelewesha kugundua: ilitegemea chupa imekaaje kwenye mkanda. Fundi umeme aliongeza kichelewesho kwenye programu ya PLC, yaani sensa ikishahesabu moja inafumba macho kwa milisekunde 200 kabla ya kuhesabu nyingine. Kazi ya dakika kumi. Lakini kama yule dada asingekuwepo, tungelipa bonasi kwa chupa za hewa.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeamua namba ipi iingie kwenye ripoti na ipi isubiri. Kulikuwa na makarani wawili; mwenzake alihamishiwa stoo, na sitadai kwamba alifurahi.

Baada ya hesabu kutulia, tukaingia kwenye sababu. Kila laini ikapewa kishikwambi. Mashine ikisimama zaidi ya dakika mbili, vinatokea vitufe vinane: kuharibika, kubadilisha kalibu, kukosa malighafi, umeme, ubora, usafi, kusubiri fundi, na mengineyo. Opareta anabonyeza kimoja, basi.

Mwezi ulipoisha nikafungua ripoti nikiwa na hamu kama ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Sababu kubwa kuliko zote ya laini kusimama katika kiwanda changu ilikuwa "mengineyo".

Nilikasirika. Niliwaita wasimamizi, nikasema maneno kuhusu nidhamu ambayo leo nisingeyarudia. Mwezi wa pili "mengineyo" ikapanda. Ndipo nikaacha kusema, nikaenda kukaa kwenye laini ya tatu na opareta mmoja mkongwe, mtu asiyependa maneno mengi. Nikaona vitu vitatu ambavyo nisingeviona ofisini.

Cha kwanza ni cha kuchekesha. Kitufe cha "mengineyo" kilikuwa chini kulia, pale kidole gumba cha mtu aliyevaa glovu kinapofika bila kujinyoosha. Cha pili, mashine ikisimama mikono ya opareta imejaa. Anatoa chupa iliyokwama, plastiki bado ya moto, na kile kishikwambi kinamwashiawashia taa kikidai jibu sasa hivi. Cha tatu alinieleza mwenyewe, akiwa haniangalii, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi, hicho kitufe cha kusubiri fundi ni kitufe cha kumchongea mwenzangu. Fundi ni mmoja usiku kucha kwa laini sita. Nikibonyeza, asubuhi jina lake liko ukutani. Nikibonyeza mengineyo, hakuna anayeumia."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amenieleza katika sentensi nne kile ambacho nilikuwa nimekitafuta kwenye skrini kwa miezi miwili: usiku tuna fundi mmoja, na watu wanaficha hilo ili kumlinda.

Tulibadilisha mambo. Majina yakaondolewa kwenye ripoti ya sababu. Yanabaki ya laini na saa tu. Nikaomba fundi wa pili wa usiku, na safari hii nilikuwa na dakika za kuonyesha, kwa kuwa watu walianza kubonyeza ukweli. Na badala ya kutegemea vitufe peke yake, tukaweka sauti. Opareta akimaliza kufungua mashine, anashika kitufe kimoja, anasema kwa sekunde kumi kilichotokea kwa maneno yake. Programu ya akili mnemba inageuza sauti kuwa maandishi, inapendekeza sababu, yeye anathibitisha au anakataa.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoanza kunisaidia kweli, ingawa haikuanza kwa heshima. Kalibu ndiyo roho ya kazi yetu; chupa inachukua umbo kutoka kwenye kalibu. Programu haikulijua neno hilo, ikawa inaandika "karibu". Kwa wiki nzima nilisoma taarifa kama "karibu namba nne inavuja", "tumefungua karibu, tumesafisha karibu, tumefunga karibu". Msimamizi mmoja akabandika karatasi kwenye kabati la kalibu: KARIBUNI SANA. Kelele za mashine nazo zilimeza maneno. Tulilazimika kukaa na maopareta tukakusanya maneno yao, kama sitini hivi. Mashine "imekaba", kalibu "inatema", plastiki "imechoka", skrubu, ile inayosukuma plastiki ya moto, "inalia". Orodha hiyo tukaipa programu, na maikrofoni tukaisogeza karibu na mdomo. Haikukamilika, lakini ilifika mahali pa kutumika.

Nafikiri hiyo orodha ya maneno sitini ni mali kubwa kuliko ile skrini. Haikuwahi kuandikwa popote kabla ya hapo.

Ripoti ndizo zilizofuata, na hapa sina mengi ya kusema kwa sababu zilikwenda vizuri. Ripoti ya zamu inajiandika kutokana na hesabu za PLC na sababu zilizothibitishwa. Ya mkurugenzi na ya mauzo zinatoka kwenye chanzo kilekile kwa sura mbili. Stoo inapata ujumbe yenyewe malighafi ikishuka chini ya kiwango. Hakuna akili yoyote ya ajabu ndani yake, ni kanuni za "hili likitokea, fanya lile", na ndizo zilizonirudishia saa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie kwa namba ambayo leo inaandikwa mara mbili.

Tahadhari za simu zilitaka kuniua kabla hazijanisaidia. Fundi wa mfumo aliniuliza nitaarifiwe lini, nikamjibu kwa kujiamini: kila laini ikishuka chini ya lengo. Usiku wa kwanza simu iliita mpaka nikaizima. Asubuhi nilikuta ujumbe mwingi kiasi kwamba ule mmoja wa maana, wa pampu ya maji ya kupoozea, ulikuwa umezikwa katikati.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric huko Marekani, alichora chati ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya mchakato na yale yenye sababu maalumu. Kila mchakato hupanda na kushuka. Ukikimbilia kila mteremko unajichosha na mara nyingi unauvuruga zaidi. Mipaka yake ni mikengeuko sanifu mitatu juu na chini ya wastani; mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika. Tukaiacha data ya kila laini ieleze kawaida yake, na simu ikaruhusiwa kulia pale tu mstari unapotoka nje ya mipaka au unapoelekea upande mmoja kwa muda mrefu. Laini ya sita, ile kongwe, ina kawaida ya kuyumba. Tuliiacha iyumbe.

Nilipokuwa nahangaika na hilo nilikumbuka kitanda cha kufumia cha mvumbuzi Mjapani Sakichi Toyoda, kile cha mwaka 1924 pia, kilichokuwa kinasimama chenyewe uzi ukikatika. Faida yake haikuwa kufuma peke yake. Ilikuwa kwamba mtu hakulazimika tena kukodolea macho kila uzi, kwa hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi na kwenda pale tu anapohitajika. Mimi nilikuwa nimetengeneza kinyume chake: mashine inayoita mtu kila uzi unapotikisika.

Sasa nifike kwenye makosa mawili ya akili mnemba yenyewe, ile ya kuandika na kuzungumza ambayo watu wengi waliifahamu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022. La kwanza lilinigharimu aibu. La pili lilinigharimu laini.

La aibu ni ratiba. Kupanga oda kwenye mashine zetu kuna kanuni zake. Rangi huenda kutoka nyeupe kuelekea nyeusi, kwa sababu ukitoka nyeusi kwenda nyeupe unasafisha skrubu kwa muda mrefu huku chupa zikitoka na michirizi ya kijivu. Kalibu moja haiwezi kuwa kwenye mashine mbili. Kuna oda za haraka, kuna kalibu ambazo fundi mmoja tu anajua kuzifunga. Oda kumi tu kwenye mashine moja zinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800, na mimi Jumapili jioni nilikuwa napanga zaidi ya hizo kwa kalamu na uzoefu.

Nikaandika kila kitu kwa lugha ya kawaida, nikaipa programu, nikapata ratiba safi mno, na maelezo ya kila uamuzi chini yake. Niliisambaza. Jumatatu saa mbili asubuhi msimamizi akanipigia: "Meneja, hii kalibu ya lita tano nifunge laini ya pili au ya tano? Maana ratiba inasema zote, saa ileile."

Programu ya namna hiyo hutabiri maneno yanayofaa kufuatana. Ratiba yake ilifanana na ratiba nzuri kwa sababu imesoma ratiba nyingi. Haikukaa na kuhakiki kalibu moja moja. Kuna programu nyingine, za hesabu, ambazo kazi yake ni hiyo hiyo ya kujaribu mipangilio na kutupa kila unaovunja kanuni, na zimekuwepo kwa miongo mingi. Tulichofanya baadaye ni kugawa kazi: ile ya maneno inanisaidia kugeuza kanuni zangu za Jumapili kuwa masharti yaliyoandikwa vizuri, ile ya hesabu inapanga, na msimamizi anapitia kabla ya mtu yeyote kugusa kalibu. Kilichonishangaza ni kwamba kanuni zangu zilikuwa zinapingana zenyewe. Kwa miaka nilikuwa nazivunja bila kujua, nikiita uzoefu.

La pili sipendi kulisimulia, lakini bila hilo simulizi hii itakuwa tangazo la biashara.

Wasimamizi wetu huandika maelezo ya makabidhiano kila mwisho wa zamu. Zamu tatu, laini sita, kurasa za kutosha. Nilizoea kuzisoma zote asubuhi, dakika arobaini na ushee. Nikaipa akili mnemba kazi ya kunifupishia: "Nipe muhtasari mfupi wa mambo muhimu ya uzalishaji." Nikawa nasoma aya mbili na kuendelea na siku. Nilijisifu kwa wenzangu.

Msimamizi wa zamu ya usiku, mtu mwenye mwandiko wa kukwaruza na sentensi ndefu, aliandika hivi: "Laini ya nne giaboksi inatoa mlio kama wa mtu anayesaga meno usingizini, hasa ikianza. Nimeweka mkono, naona ina joto kuliko jana, lakini inafanya kazi."

Muhtasari wangu wa asubuhi hiyo ulisema: "Laini ya nne: uzalishaji wa kawaida, asilimia 81. Mengineyo: maoni kuhusu kelele."

Kesho yake aliandika tena, kwa kifupi kidogo. Muhtasari haukutaja. Siku ya tatu aliandika mstari mmoja, "mlio upo palepale". Siku ya nne, saa tisa usiku, beringi ilipasuka ikatafuna meno ya gia, na laini ya nne ikasimama siku tisa kusubiri vipuri. Nilipompigia, hakupaza sauti. "Niliandika, bosi," alisema. "Niliandika mara tatu. Nikadhani umesoma ukaamua tuendelee."

Sentensi hiyo ya mwisho nimekaa nayo muda mrefu. Yeye alichukulia ukimya wangu kuwa uamuzi. Kumbe hapakuwa na mtu upande wa pili.

Nilirudi kwenye programu nikiwa nataka kuilaumu, nikashindwa. Niliomba mambo muhimu ya uzalishaji, na uzalishaji wa laini ya nne ulikuwa wa kawaida kabisa. Mashine inayokaribia kufa mara nyingi huzalisha vizuri hadi saa ya mwisho. Mlio haukuwa na namba, haukusimamisha kitu, kwa hiyo ukaenda kwenye kile kisanduku kilekile ambacho maopareta wangu walikuwa wametumia kuficha ya kwao.

Siku hizi maagizo ni ya kinyume. Naiambia programu initolee kila sentensi inayotaja mlio, harufu, joto, mtetemo, kuvuja au kitu "kisicho cha kawaida", neno kwa neno, bila kufupisha, pamoja na jina la laini na saa. Iniambie pia kama jambo hilohilo limetajwa zamu zilizotangulia, na mara ngapi. Muhtasari wa namba uje baadaye, chini. Na kila sentensi ya namna hiyo inadai jibu langu kabla ya saa nne, hata kama jibu ni "nimeona, tuendelee". Jibu hilo linarudi kwa aliyeandika. Dakika kumi na tano badala ya arobaini. Sitashuka chini ya hapo.

Tulifunga pia sensa za mtetemo na joto kwenye giaboksi zote. Zinasaidia. Lakini yule msimamizi alisikia mlio kwa sikio na akapima joto kwa kiganja, na hilo likanirudisha kwenye jambo lililokuwa linanisumbua tangu mwanzo. Mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983 kuhusu kejeli iliyomo katika mitambo ya kujiendesha: unamwondolea mtu kazi rahisi za kila siku, halafu unamtaka ajitokeze na ustadi wake siku mambo yanapoharibika, wakati ustadi huo ulikuwa unatokana na zile kazi rahisi.

Niliyaona hayo siku mtandao wa ndani ulipokatika kwa saa sita. Msimamizi kijana, hodari wa kusoma chati, alikwama kabisa. Nilimuuliza laini ya pili inakwendaje, akaniambia hajui, mfumo haupo. Laini yenyewe ilikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama. Mkongwe wa laini ya tatu akahesabu chupa kwa dakika moja akitumia saa yake ya mkononi, akazidisha kichwani, akampa jibu. Tangu hapo tuna zamu moja kila mwezi ambayo vishikwambi vinafunikwa na kila mtu anarudi kwenye karatasi. Inachukiwa na kila mtu, hasa yule dada wa takwimu ambaye kesho yake lazima aingize namba kwa mkono. Sijaifuta.

Jambo jingine la haraka: majina ya wateja, bei na michanganyiko ya rangi haviingii kwenye programu yoyote ya nje ambayo hatujaingia nayo mkataba. Niliwahi kumkuta kijana wa mipango amebandika oda nzima ya mteja kwenye programu ya bure ili imsaidie kuandika barua pepe. Hakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye sikuwa nimesema lolote.

Kijidaftari nilikirudia mwaka mmoja baadaye, wiki mbili tena, kila nusu saa. Mistari ya kutafuta namba imebaki michache. Nafasi yake sikuijaza na vikao, ingawa vilijaribu kuingia. Asubuhi nasimama kwenye laini moja kwa nusu saa bila kusema kitu. Husimuliwa kwamba Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni na kumtaka meneja asimame ndani yake aangalie tu. Mimi sichori, watu wangenicheka, lakini nasimama.

Na "mengineyo" haijaisha. Imepungua sana, ila sitaki iishe, na ndiyo ripoti ninayoifungua kwanza. Nasikiliza sauti zenyewe nikitembea kuelekea kwenye mashine, maana maandishi huondoa pumzi na hasira. Wiki iliyopita kulikuwa na moja ya laini ya tano, imesimama mara saba kwa zamu, dakika tatu tatu. Programu ilipendekeza "ubora", opareta akakataa, akachagua mengineyo, na katika zile sekunde kumi akasema tu: "Bosi, njoo uone mwenyewe, mimi sijui niite nini."

Nilikwenda. Tulisimama wote wawili kama dakika ishirini. Sensa ya mwisho wa mkanda ilikuwa inatikisika kidogo sana mashine ya jirani ikipiga, ikawa inaona chupa ambayo haipo na kusimamisha mkanda. Chini ya bano lake, sakafuni, kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, kimelainika kwa mafuta. Kuna mtu zamani alikichomeka pale kuzuia mtikisiko, na sasa kilikuwa kimeanguka. Tuliuliza zamu zote tatu. Hakuna aliyekumbuka ni nani.

Opareta akararua boksi jipya, akakunja mara nne, akachomeka. Laini ikaondoka. Nikachukua kishikwambi chake, nikaandika oda ya bano la chuma.